Chupa ya Violet

Lubumbashi, Kasapa, 17 Novemba 2024

Mama mudogo Émerance,

Jambo sana. Nakusalimia wewe, nasalimia Abigaëlle binti yako, nasalimia hata ile jogoo yako yenye inapiga bageni. Kama unasoma hii barua, njo kusema kamio ya Dédé, lori yake, haikulala mu matope ya njia ya Kasomeno, na Dédé mwenyewe ameketi pa mulango yako anangoja maji ya kunywa. Umupatie na bukari, ugali ya kula. Amebeba barua yangu bila kuniomba kintu.

Samaki yenye ulituma ilifika. Huku ku home ya banafunzi nalala mu chumba moja na Aristote, kijana wa Likasi. Siku ya kwanza alilalamika juu ya harufu, siku ya pili alikula nusu ya kifurushi. Masomo inaendelea. Mwaka wa pili ya droit iko nguvu kuliko ya kwanza, banatupatia sheria za kukariri mupaka kichwa inauma. Afya iko, isipokuwa ile yenye nataka kukuambia.

Utashangaa kupata barua wakati sisi bote tuko na simu. Lakini simu yako inapata réseau pa duka ya Jeannot tu, na Jeannot anapenda kuweka sauti kubwa ili bateja nao bajue habari. Hii mambo haiko ya bateja ya Jeannot.

Nilianguka, Mama. Usiogope, hakuna mufupa yenye ilivunjika. Oditwari yetu, chumba ya masomo, iko kule juu, ngazi makumi tatu na mbili, niliihesabu. Kila asubuhi nafika saa nzima mbele ya benzangu ili nipande bila muntu wa kunitazama, mukono moja pa ukuta, mukono moja pa goti ya kuume, naisukuma ile muguu yangu ya mugonjwa ngazi kwa ngazi. Ile siku mvua ilinichelewesha. Bote balikuwa nyuma yangu, bantu kupita mia mbili, banangoja nitoke mu njia. Muguu ikakataa. Nikateremuka na mugongo mupaka chini, pa biatu ya professeur. Hakuna mwenye alicheka, na njo ile iliniua. Bangecheka, ningejua la kufanya.

Unajua nini nilibaambia benzangu tangu mwaka wa kwanza? Kama ilikuwa ajali ya moto, ile pikipiki. Kama nilipanda moto ku Kasenga, ikaanguka, ikaniharibu muguu. Aksida ya moto haina haya, kila muntu iko na ndugu yake mwenye alianguka na moto. Sikusema hata siku moja kama niko hivi tangu nilikuwa na miaka tatu. Navaa suruali ya kubwa, nafunga kitambaa mu kiatu ili miguu ilingane.

Basi, kisha kuanguka, mama moja wa biro ya mambo ya banafunzi, Madame Précieuse, aliniita. Kuko fonds moja, jina yake Tuinuke, yenye inasaidia banafunzi benye bulema. Banapatia chuma ya kushikilia muguu, chumba ya chini ku home, na dakika za kuongeza mu examen. Alinipa karatasi ya kujaza. Pa kichwa ya karatasi kuliandikwa « handicap » na herufi kubwa. Nikaziba lile neno na mukono yangu, juu ya kijana mwingine mwenye alikuwa pa mulango.

Banataka bintu tatu. Barua ya munganga, hiyo nitapata. Barua ya muntu mwenye alinilea, aandike na mukono yake: muguu iligonjwa mwaka gani, ilianza namna gani, kama nilipata matone ya polio ao hapana. Kisha, chini yake, ndugu mwingine mwenye alikuwako aweke alama kama shahidi. Mama yangu alikufa akinizaa, baba alivuka ku Zambia hakurudi. Muntu mwenye alinilea ni wewe. Dosie inafungwa tarehe 15 ya mwezi wa tatu.

Andika mistari tano tu, inatosha. Bila ile chuma na ile chumba ya chini, sioni namna nitamaliza mwaka.

Mutoto yako,
Mapalo


Kilwa, 20 Desemba 2024

Mapalo mutoto yangu,

Tuko bazima. Barua yako ilikaa wiki mbili mu njia na ikafika na mafuta ya samaki pa kona, lakini nilisoma yote. Jogoo niliuza, ilimupiga pasteur mbele ya bakristo. Mvua ya huku iko mingi, lac, ziwa yetu, imepanda mupaka pa nyumba za kwanza, bavuvi benyewe banaogopa kusukuma pirogue. Bei ya samaki imepanda nayo, kwa hiyo usishangae kifurushi ya leo iko kidogo.

Abigaëlle alifikisha miaka ine, anasema yeye pia atakuya ku univ kulala na Aristote mu chumba. Wiki yenye ilipita, bantu ya matone ya polio balisimama pa kanisa. Nilikuwa wa kwanza mu mustari na mutoto mu mugongo. Infirmière mwenye anatonya dawa akasema, Mama Émerance, wewe unapenda hii dawa kupita chai. Nikacheka naye.

Mu kifurushi nimeweka kitambaa ya velours. Ufunge hiyo mu kiatu, iko nguvu kuliko ile unatumia.

Sasa ile karatasi. Mapalo, iache. Kwa nini unataka jina yako iandikwe pa liste ya bilema? Leo ni biro, kesho ni univ muzima, kesho kutwa ni bantu ya kukupatia kazi. Wewe utakuwa avocat. Nani atapeleka mambo yake kwa avocat mwenye alianza na kuomba? Ile habari ya moto iko muzuri, ningekuwa wewe ningebaki nayo.

Na niandike nini? Uligonjwa, batoto banagonjwa. Joto ilikushika siku tatu, siku ya ine muguu ilikuwa imelala. Matone ulipata. Kidole yako ya mwisho ya mukono ya kushoto ilikuwa na rangi yao, mulango ilipigwa choki, mutaa muzima uliona. Kwa hiyo haikukuwa polio. Muntu mwenye alikufanyia unamujua, jamaa ilikaa ikamaliza. Mambo ya namna ile haiingie pa karatasi ya biro.

Kula muzuri. Na uendelee kufika saa nzima mbele, ile ni akili.

Mama yako,
Émerance


Lubumbashi, 12 Januari 2025

Mama,

Mwaka mupya ikukute na afya. Aksanti ya kitambaa, iko nguvu kweli, inanikwangua kidogo lakini nimezoea. Pole ya jogoo. Umuambie Abigaëlle home ya banaume haipokei babinti, na Aristote anakoroma.

Unasema nibaki na moto. Nimebaki nayo miaka mbili, Mama. Inachosha kuliko ngazi.

Nitakuambia kintu yenye nilifanya, usimuambie muntu. Vile haukuandika, niliandika mimi mwenyewe. Fasi banauliza sababu ya bulema, niliandika ile nilisikia mu nyumba tangu nikiwa mutoto: kama Nkambo Chileshe, mama ya baba yangu, aliniloga na samaki ya kuchoma. Niliandika hivyo na stylo ya bluu, mimi mwanafunzi wa droit. Madame Précieuse akasoma. Akavua lunettes ya macho, akaipanguza na pagne yake, akaivaa tena. Hakunigombeza. Aliuliza tu, « Na huyu nkambo iko wapi? » Nikasema balimufukuza, iko ku Mokambo, anauza munkoyo, kinywaji ya mahindi, pa njia ya mupaka. « Ulimuona lini? » Nikasema sijamuona tangu nilikuwa na miaka tatu. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikisema ile maneno, na nilitamani ardhi ipasuke pale pale. Alinirudishia karatasi, akanipatia ingine nyeupe, akasema, « Ujaze tena, mutoto yangu. »

Munganga naye alinipima. Aligonga goti, haikuruka. Akasema hii ni polio, hana shaka hata kidogo. Nikamuambia haiwezekani, nilipata matone, kidole ilikuwa na rangi. Akasema mutoto anaweza kukunywa na bado ikamupata, lakini inakuwa mara moja moja sana. Anataka kujua nilikunywa mara ngapi, nani alininywesha, nani aliona.

Njo ile maswali nakuuliza na mimi. Nani aliona matone ikiingia mu kinywa yangu? Usiniambie ya kidole. Nauliza kinywa.

Kama haukumbuki, sema tu haukumbuki, sitakasirika. Nitaenda Mokambo kumuuliza Nkambo mwenyewe. Taxi ziko kila asubuhi. Hata kama ni mulozi, atakumbuka.

Mapalo


Kilwa, 3 Februari 2025

Mapalo,

Huku tuko. Abigaëlle anakohoa kidogo.

Usiende Mokambo. Nakuomba na magoti chini. Nitakuandikia, nipatie siku. Dédé amewasha kamio, siwezi kuongeza.

Mama


Lubumbashi, 20 Februari 2025

Mama,

Abigaëlle anakohoa bado? Umupatie chai ya tangawizi na umufunike kifua. Huku jua ilirudi siku mbili, kisha mvua tena.

Sikuenda Mokambo. Nilikutii. Lakini ulisema utaandika, na Dédé alifika mara mbili na mikono mitupu. Mara ya pili aliniangalia na huruma, alifikiri nangoja barua ya muchumba.

Jana tulikuwa na interro, mutihani ya asubuhi. Nilifika mbele vile unapenda, lakini ngazi zilikuwa na maji. Nilipanda kumi na ine, nikakaa. Sikuweza kupanda, sikuweza kushuka. Aristote alinikuta pale. Akasema, panda mu mugongo yangu. Nikasema hapana. Akasema, « Utabaki hapa na kiburi yako ao utaandika interro? » Nikapanda mu mugongo yake, muanaume wa miaka makumi mbili na moja, babinti ya promotion yetu banatupisha njia. Interro nilimaliza, lakini yenye niliandika haina maana.

Kisha nilimuambia ukweli. Nikasema, haikukuwa moto. Akasema, « Najua. » Akasema kaka yake alianguka na moto, muntu wa moto anatembea namna ingine. Bote banajua, Mama, tangu mwaka wa kwanza. Miaka mbili banasikia ile habari yangu ya Kasenga na bananiitikia, bananihurumia. Sasa sijui niingie mu oditwari na uso gani.

Nimebakiza siku makumi mbili na tatu. Kama barua yako haikufika, nitarudi Kilwa, niuze unités za simu pa duka ya Jeannot. Sisemi hivi kukuogopesha. Nimechoka kubebwa.

Mapalo


Kilwa, 4 Machi 2025

Mapalo,

Abigaëlle amepona. Mvua imepunguka, bavuvi bamerudi mu lac. Habari yote njo hiyo, sina ingine ya kujifichia.

Kidole yako ilikuwa na rangi, lakini haikukuwa rangi ya bale bantu. Ni mimi nilipaka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dada yangu aliniachia wewe tu, sikuwa na mume, sikuwa na mutoto mwingine. Mu chumba yetu ya maombi balikuwa banasema ile matone inakausha uzazi ya batoto banaume. Bengine bakacheka. Mimi sikucheka. Mutoto wa jirani alikunywa, jioni joto ikamushika, nikasema njo hii. Siku balifika mu quartier yetu, nilisimama pa kichaka ya miogo nikaangalia namna banafanya. Banafungua kinywa ya mutoto, banatonya mara mbili, banapaka kidole ya mwisho ya mukono ya kushoto, banapiga choki pa mulango, banaenda. Wakati balikuwa kwa jirani, niliingia mu nyumba nikakamata chupa ya violet, ile dawa ya kupaka bidonda. Nikachovya kijiti, nikapaka kidole yako, nikapuliza ikauke. Ulicheka, ilikutekenya.

Balipofika nikasema, huyu alikunywa asubuhi ku hopitali. Binti mwenye alishika daftari aliangalia kidole. Ile rangi haikufanana muzuri na yao. Lakini jua ilikuwa kali na alikuwa na nyumba nyingi mbele yake. Akaandika. Akapiga choki. Bakarudi mara mbili mu ile mwaka, na mara zote mbili nilifanya vile vile.

Mwezi wa nane ya 2007, joto ikakushika. Ile ingine unaijua, niliandika ukweli: siku tatu, na ya ine muguu ikalala.

Jamaa ikakaa. Bakauliza, mutoto alikunywa dawa? Bote bakasema ndiyo, tuliona kidole, tuliona choki. Bakasema basi kama haiko ugonjwa, ni muntu. Chileshe alikuwa mujane, alikuwa na mudomo, anasema bila kuogopa muntu, na njo yeye alikuwa anakupatia samaki ya kuchoma kila jioni. Macho ikaenda kwake. Yeye akaniangalia mimi. Akasema, « Émerance, wewe njo unashinda na mutoto, sema kintu. » Nilikuwa nimekupakata. Kidole yako ilikuwa bado na rangi ya mara ya mwisho. Nikaikunja ndani ya mukono yangu, nikaangalia chini.

Balivunja mulango yake. Aliondoka na kifurushi moja. Nilikuwa pa dirisha.

Kila mara bantu ya matone banakuya, nakuwa wa kwanza. Natembeza hata batoto ya bengine benye mama zao banachelewa. Banasema Émerance iko na moyo. Naitikia tu.

Wewe unasikia haya juu ya muguu yako. Ile haya haiko yako, ni yangu, nilikubebesha, na juzi tu nilikuambia uongeze kuibeba, ufike saa nzima mbele. Nilisoma tena ile barua yangu. Sijui muntu wa namna gani anaandika vile.

Karatasi ingine yenye iko ndani ni ya biro. Kuko jina yangu, kuko tarehe, kuko violet, kuko yote. Kama unasikia haya kuitoa, uichome, na mimi nitaelewa. Barua ya kumutumia Chileshe ku Mokambo sikuandika. Nilianza mara ine, sijui inaanza na neno gani.

Shahidi, utafute mwenyewe.

Siandiki « mama yako » hapa chini. Wewe njo utaamua.

Émerance


Lubumbashi, 19 Machi 2025

Nilikaa siku mbili juu ya hii barua bila kujua nikuite nani, mwisho nikaacha nafasi. Niko muzima. Aristote anakusalimia na anauliza kama samaki imeisha mu lac. Nafurahi Abigaëlle amepona, ile nasema na moyo yote.

Barua yako ilifika tarehe 10. Niliisoma nimesimama kando ya kamio. Dédé akauliza kama kuko kilio ku Kilwa, nikasema hapana. Nilikuwa na hasira mupaka mikono ilikuwa baridi, na hata leo haijaisha, sitakudanganya. Kuna saa nilitaka kukupigia simu pa duka ya Jeannot, nimuombe yeye mwenyewe aweke sauti kubwa. Nilifungua nambari, nikafunga.

Lakini dosie ilitaka shahidi mwenye alikuwako, na nilikuwa na mmoja tu. Tarehe 13 nilipanda taxi ya Mokambo.

Nkambo Chileshe anauza munkoyo yake mu bidon ya manjano, kando ya njia yenye inaenda ku barrière ya mupaka. Iko mudogo sana. Mu kichwa yangu alikuwa mukubwa, muntu wa kuogopesha, na sasa ni muntu moja mukongwe mwenye sandale yake imeshonwa na waya. Sikujua la kusema, nikaomba kopo moja. Alimimina. Kisha akaangalia muguu yangu, aliangalia mbele ya kuangalia uso. Akasema, « Mapalo. » Nikasema ndiyo. Akasogeza kiti mbali na yeye, akaniambia, « Ukae pale, usikae karibu. Bantu bakikuona na mimi bataharibu jina yako. »

Alikuwa anaogopa juu yangu. Nilienda kumuomba alama pa karatasi, na yeye anaogopa juu ya jina yangu.

Nilirudisha kiti, nikakaa kando yake. Nikatoa ile karatasi ya biro, nikamusomea, juu hajui kusoma. Bateja bakafika, akabaambia bangoje. Pa fasi ya kidole alisema nirudie. Nikarudia. Akasema tena nirudie. Hakulia. Mimi njo nililia, na pale pale nikasikia haya, juu machozi ilikuwa ya kwake na mimi nimeichukua.

Nilimuambia mimi pia niliandika jina yake pa karatasi ya kwanza, kama mulozi. Sikutaka kusema, lakini nilisema. Akafunga bidon, akafungua tena. Akasema, « Wewe ulikuwa mutoto. » Nikasema, nilikuwa na miaka makumi mbili na moja, ilikuwa mwezi wa kwanza.

Kisha akauliza shahidi anafanya nini. Nikasema, anasema kama ni kweli. Hajui kuandika jina yake. Jirani yake mwenye anabadilisha kwacha na falanga alikuwa na tampon ya wino. Nkambo alibonyeza kidole gumba, akaiweka chini ya jina yako, akaishikilia pale sana, mupaka nikamuambia inatosha. Nikamupatia kitambaa apanguze. Akakataa. Aliuza munkoyo na ile kidole ya bluu pa kopo mupaka taxi yangu inaondoka, na kila muteja mwenye aliuliza, alijibu, « Ni ya mujukuu yangu. Ni ya masomo. »

Dosie niliingiza tarehe 14. Madame Précieuse alisoma ukurasa yote, akaweka kachet, muhuri ya biro. Jibu itakuya mwezi wa tano, tuone. Kulikuwa banafunzi bengine tatu mu biro, na « handicap » ilikuwa pale juu na herufi zake kubwa. Nilisikia haya vile vile. Niliacha mukono yangu mu mufuko.

Kintu moja ya mwisho. Nilikuwa nimeingia mu taxi, Nkambo akaniita nirudi. Akauliza, ile violet Émerance alipaka, aliitoa wapi. Nikasema haikuandikwa. Akasema, « Ilikuwa yangu. Ya kifuniko nyekundu. Nilikuwa napaka bidonda ya batoto bote wa mutaa. Niliitafuta miezi, nikagombeza hadi bantu bure. »

Nilifikiri sasa njo atalia. Hakulia. Alinituma kwako, na naandika vile alisema, sikuongeza kintu:

« Umuambie nataka chupa yangu. Na asitume na kamio. Alete yeye mwenyewe. »

Mapalo